Jumanne, Saa Kumi, Darajani

Zilikuwa zimebaki siku tatu shule zifunguliwe, na ujia wa maduka ulikuwa umefurika wazazi waliokumbuka dakika za mwisho kwamba watoto wao hawaoni ubaoni. Mbele ya duka la miwani walikuwa wamepanga foleni watu kumi na mmoja. Mbele yao wote alisimama mwanamke wa miaka ishirini na tisa, koti jeupe la kazi juu ya gauni la zambarau, mkononi kashika nusu ya ufunguo. Nusu nyingine ilikuwa imekatikia ndani ya kufuli.

"Wewe ndiye daktari wa macho?" mzee mmoja alimuuliza.

"Mimi ni mpimaji tu, mzee wangu."

"Basi anza kujipima mwenyewe. Hilo tundu nimeliona umelikosa mara tatu."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anajaribu kukichokoa kile kipande kwa pini ya nywele aliposikia sauti nyuma yake.

"Dada, usikisukume tena. Unakizamisha."

Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi vizuri na sanduku la chuma mkononi. Alipiga goti bila kuombwa, akatoa kijichuma chembamba chenye meno, akainamisha sikio kwenye kufuli kama mtu anayesikiliza siri.

"Utalivunja?" mpimaji aliuliza.

"Kuvunja ni kazi ya wezi. Mimi nafungua."

Kipande kilitoka, kufuli likaachia, na watu wakaingia kwa msukumano hata mpimaji hakupata nafasi ya kushukuru. Alimfuata kijana hadi kizingitini.

"Nikupe nini?"

"Nipime macho. Siku hizi matundu ya funguo nayaona mawili mawili."

Alirudi jioni, duka limetulia. Alikalishwa kwenye kiti, akafunikwa jicho moja, akaambiwa asome herufi. Alisoma mstari wa juu, wa kati, wa chini, na hata jina la kiwanda kilichochapa ubao, lililoandikwa kwa herufi ndogo kama chawa.

"Macho yako hayana ugonjwa wowote."

"Najua."

"Sasa ulikuja kupimwa nini?"

"Nilikuja kukaa hapa dakika kumi bila kufukuzwa."

Mpimaji aliuma mdomo asicheke, na akashindwa. Tangu siku hiyo kijana alimwita Miwani, ingawa yeye mwenyewe hakuvaa miwani. Naye alimwita Fundi, kama watu wengine wote walivyomwita, ila yeye alilivuta lile jina kidogo mwishoni.

Mapenzi yao yalishika haraka, kama moto wa makuti. Fundi alikuwa na kibanda mkabala na posta, ukuta mzima umetundikwa funguo tupu zinazosubiri kuchongwa meno, na saa saba kila mchana simu yake ililia.

"Umekula, laazizi?"

"Bado. Nasubiri sauti yako inishibishe."

"Sauti haina chumvi. Kula. Leo umefungua mlango wa nani?"

"Wa mzee mmoja mstaafu."

"Ana binti?"

"Ana paka."

"Paka jike?"

Fundi alicheka hadi wateja wakageuka. Alidhani ni utani, na mwanzoni nusu yake ilikuwa utani kweli.

Nusu ya pili ilikuwa na historia. Miaka minne kabla, Miwani alikuwa na mchumba aliyesafiri kuuza dawa za mifugo. Gauni la harusi lilikuwa limeshapimwa kiunoni siku jirani alipomwambia, kwa sauti ya kuuliza hali, kwamba mchumba wake ameoa mji mwingine wiki iliyopita. Tangu hapo Miwani aliishi na kanuni moja aliyoiamini kuliko ubao wa herufi: mwanamume akikuficha kitu, kitu hicho ni mwanamke.

Ndiyo maana alipoazima simu ya Fundi kutazama saa, alitazama na mengine. Alijua mteja gani alipiga mara mbili. Kila siku alichungulia mara arobaini kuona Fundi alikuwa hewani lini mara ya mwisho, na kama alikuwa hewani bila kumwandikia yeye, chai ilimchachia mdomoni. Siku moja aliona uzi wa nywele ndefu begani mwa Fundi, akanyamaza siku mbili. Ulikuwa uzi wa brashi ya kusafishia vitasa.

Fundi naye kweli alikuwa anaficha kitu.

Mji wao ulikatwa katikati na mto mpana wa maji ya kahawia. Maduka, posta na kibanda cha Fundi vilikuwa upande huu. Miwani aliishi na mama yake upande wa pili, na kila siku alivuka kwa basi juu ya daraja refu la chuma lenye nguzo ishirini na mbili za taa. Miezi minane ya mapenzi, Fundi hakuwahi kuvuka. Alimsindikiza Miwani hadi kituoni, akampungia mkono hadi basi linapotea, akarudi kwake.

"Mama anataka kukuona," Miwani alimwambia. "Njoo Jumapili."

"Nitakuja."

Jumapili ya kwanza alisema ana homa. Mwezi uliofuata akaalikwa tena, akasema mteja amefungiwa ndani ya bafu. Mama, mwanamke mfupi mwenye macho makali aliyeuza vitambaa vya mapazia maisha yake yote, alikunja kitambaa kipya cha meza akakirudisha kabatini.

"Mwanangu," alisema, "mtu anayekutaka huvuka hata kwa kuogelea. Huyu ana daraja."

Maneno hayo yalimkaa Miwani kooni kama mwiba wa samaki. Na yalikuwa hayajashuka bado alipokuja Keshia, mwenzake wa kazini, mwanamke mwema asiyeweza kufunga mdomo.

"Shoga, sitaki kuleta fitina."

"Basi usilete."

"Nimemwona Fundi wako jana. Jumanne, saa kumi, darajani. Mimi niko ndani ya basi. Amesimama na mwanamke wa gauni la kijani, mrefu, kajipanga kweli kweli. Wameshikana mikono, shoga."

Miwani aliendelea kufuta lenzi aliyokuwa nayo mkononi. Aliifuta hadi ikalia. Fundi alikuwa amemwambia kwamba kila Jumanne saa kumi ana kazi mtaa wa viwandani, kubadilisha vitasa vya maghala.

Wiki hiyo hakula sawasawa. Alimpigia Fundi kama kawaida, akamwita mpenzi kama kawaida, na Jumatatu akamuuliza kwa sauti ya asali, "Kesho una kazi wapi?"

"Viwandani, kama kawaida."

"Pole na kazi, kipenzi changu."

Jumanne saa tisa na nusu aliomba ruhusa, akaacha koti jeupe kwenye msumari, akajitazama kwenye kioo cha kujaribia fremu. Alivaa gauni jekundu makusudi. Kama ni kuachwa, asiachwe amechakaa.

Aliwaona kutoka mbali, kwenye nguzo ya tisa, pale daraja linapoanza kuinuka na maji kuonekana mbali chini. Keshia hakuongeza chumvi. Gauni la kijani lilimkaa yule mwanamke kama limeshonwa akiwa ndani yake, nywele zimesukwa na kufungwa kisogoni, miguuni raba nyeupe. Fundi alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Mwanamke alikuwa anavifungua vidole vyake taratibu, kimoja baada ya kingine, huku akimwambia kitu sikioni kwa sababu ya kelele za magari. Kisha akatazama saa, kama watu waliobakiwa na muda mfupi.

Miwani hakukumbuka jinsi alivyotembea kutoka nguzo ya kwanza hadi ya tisa.

"Umemaliza vitasa vya maghala?" aliuliza.

Fundi aligeuka. Uso wake ulikuwa wa majivu, jasho linamtiririka shingoni.

"Miwani," alisema, akihema.

"Dada, tafadhali," mwanamke wa kijani alisema kwa upole. "Tupe dakika chache, kisha mtazungumza."

"Wewe ni nani wake?"

"Hilo siwezi kukujibu mimi. Mwenyewe akitaka, atakuambia."

"Nimekuuliza swali jepesi."

"Naelewa. Lakini siwezi. Samahani sana."

Lori la kokoto lilipita, na daraja zima likatetema chini ya miguu yao. Fundi alichuchumaa, akaukumbatia ukingo wa chuma kwa mikono miwili, akafumba macho. Miwani alimtazama, na alichokiona kilikuwa kitu kimoja tu: mtu aliyefumaniwa.

"Hata kunitazama huwezi," alisema. "Mama yangu amekupikia mara mbili. Mara mbili ametandika meza akakaa mlangoni. Kumbe mto unaufikia katikati, na katikati una mtu wako. Usinipigie tena."

Aligeuka akaondoka. Nyuma alisikia Fundi akimwita, sauti nyembamba kama ya mtu aliye kisimani, lakini hatua hakuzisikia, na hilo lilimchoma kuliko yote: hata kumkimbilia hakumkimbilia.

Simu yake ililia mara kumi na saba. Akaifungia namba ya Fundi.

Alhamisi mwanamke mmoja mnene aliingia dukani na aproni ya kiwanda cha mikate, unga bado umemganda kwenye kope. Alikaa kwenye kiti cha kupimiwa bila kuulizwa.

"Mimi sioni vibaya," alisema. "Mimi ni dada yake Fundi. Ningekuita wifi, ila naogopa utanitoa nje."

"Kama umetumwa, dada, rudi tu."

"Sijatumwa. Akijua nimekuja atanuna mwezi mzima. Nisikilize, kisha unifukuze."

Akamsimulia. Miaka mitatu iliyopita, Fundi alikuwa kwenye basi lililokatika breki darajani. Magurudumu ya mbele yalipasua ukingo yakaning'inia hewani. Abiria walitolewa mmoja mmoja kwa dirisha la nyuma, na kila aliposhuka mmoja, basi liliinama kidogo zaidi upande wa mto. Fundi alikuwa wa mwisho kutoka. Hakufa mtu. Watu walisema ashukuru, na alishukuru. Lakini tangu siku hiyo hakuvuka tena. Mjomba wao alifariki upande wa pili; Fundi alifika kwenye nguzo ya kwanza ya taa, akatapika, akarudi.

"Yule mwanamke ni mwanasaikolojia," dada mtu alisema. "Anamtibu hofu. Wiki ya kwanza walitazama picha ya daraja tu. Ya pili wakasimama mwanzoni. Kisha nguzo moja, mbili, tatu. Kila wakifika wanasimama papo hapo mpaka hofu ishuke yenyewe, ndipo waondoke. Ukiondoka nayo ikiwa juu, eti unaifundisha kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Na haruhusiwi kushika ukingo wala kumshika mtu. Siku uliyowakuta alikuwa amemdaka mkono kwa woga, yule mama anamwachisha."

Miwani alikaa kwenye kiti cha pili, kile cha wateja.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, nitamwambia nikishavuka. Wanaume, wifi. Anafungua milango ya mji mzima, wake mwenyewe umemshinda, alitaka aje kwenu kama mtu mzima na si kama mgonjwa. Alianza matibabu siku mama yako alipomwalika mara ya kwanza."

Dada mtu alipoondoka, Miwani aliona aibu iliyomfanya ajifungie stoo kati ya maboksi ya fremu. Lakini kinachosemwa kisemwe chote: chini ya ile aibu, wivu ulikuwa bado umekaa kitako. Kwa nini mshauri awe mwanamke? Kwa nini awe mzuri vile? Kwa nini yule ajue siri ya Fundi, na yeye anayelala akimwota asijue?

Jumatatu alikwenda ofisini kwa yule mshauri wa Fundi. Kilikuwa chumba kidogo: viti viwili, meza, saa iliyogeuzwa ili mshauri aione bila kugeuza shingo. Safari hii Mshauri alivaa sketi ya kijivu.

"Nimekuja kuomba radhi kwa yale ya darajani," Miwani alisema.

"Zimepokelewa."

"Na nimekuja kukutazama vizuri."

Mshauri alitabasamu. "Umenionaje?"

"Mzuri. Ndilo tatizo."

"Nashukuru kwa ukweli. Habari za mtu mwingine sitazungumza na wewe, wala kusema kama ninamfahamu. Lakini hilo tatizo ulilolitaja, lako, linakusumbua tangu lini?"

Miwani alifungua mdomo kusema wiki mbili. Yakatoka mengine. "Miaka minne."

"Basi mimi sifai kuwa mtu wako. Nikisimama katikati, nitaharibu pande zote. Nenda chumba cha mwisho kwenye ujia huu. Kuna mwenzangu, mzee. Usitishike na soksi zake."

Soksi za mzee zilikuwa moja nyeusi, moja ya kahawia. Alimpa Miwani daftari la shule na kalamu.

"Piga mistari, upate safu nne. Ya kwanza andika lililotokea darajani. Lililotokea tu, kama lingeonwa na kamera."

Miwani aliandika: Nilimkuta na mwanamke wake.

Mzee aliyasoma kutoka upande wake wa meza, maandishi yakiwa yamempindukia. "Kamera imejuaje kwamba ni wake?"

Miwani alifuta. Akaandika: Alikuwa amemshika mkono mwanamke.

"Hiyo sawa. Safu ya pili, uliyowaza. Ya tatu, uliyohisi, na kiasi chake kwa mia."

"Wivu. Mia moja na ishirini."

"Daftari langu linaishia mia. Ya nne: ushahidi unaounga mkono wazo lako, na unaolipinga. Yote mawili, binti yangu, usinipe upande mmoja kama wakili."

Ushahidi wa kupinga ulimchukua muda. Jasho. Uso wa majivu. Mtu aliyefumaniwa hukimbia au hudanganya. Huyu alikumbatia chuma. Aliyaona yote siku ile kwa macho yake mwenyewe, yeye ambaye kazi yake ni macho.

"Niliona nilichokuwa nacho tayari kichwani," alisema polepole.

"Unayo kanuni. Nisomee."

"Mwanamume akikuficha kitu, kitu hicho ni mwanamke."

"Ilikosea lini mara ya mwisho?"

"Jumanne iliyopita."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama fundi aliyepata panapovuja. "Ilikufaa siku moja, miaka minne iliyopita, ukaiajiri maisha. Sasa niambie, ukichungulia ile simu kuona yuko hewani, wivu unatulia dakika ngapi?"

"Tano."

"Halafu?"

"Unarudi na ndugu zake."

"Kumbe kuchungulia ndicho chakula chake. Wiki hii hutaacha kuchungulia ghafla. Utachelewesha tu. Ukitaka kuchungulia, andika kwanza unachoogopa kitatokea, subiri dakika kumi, kisha andika kilichotokea. Wiki ijayo, nusu saa."

Miwani aliona ni mambo ya watoto. Siku ya kwanza zile dakika kumi zilikuwa ndefu kuliko hotuba za mazishini, na alishindwa mara nne. Lakini mwisho wa wiki ya tatu aligeuza kurasa za daftari na kuhesabu. Hofu hamsini na tatu zimeandikwa. Iliyotimia hakuna. Alimfungulia Fundi simu, akapiga.

"Halo?" sauti ya Fundi ilikuwa ya mtu anayeshika yai.

"Ni mimi."

"Najua. Nimekaa chini kabisa."

"Nisamehe yale ya darajani. Nilikutukana ukiwa umezama."

"Na mimi nisamehe. Ningekuambia mapema..."

"Ungeniambia. Usijifiche nyuma ya daraja, Fundi. Ulinidanganya kila Jumanne kwa miezi miwili. Hata kama hakukuwa na mwanamke, uongo ulikuwepo."

"Kweli. Sina la kujitetea. Niliona aibu, nikakuachia wewe mzigo wa kuotea."

"Umefika nguzo ya ngapi?"

"Zote ishirini na mbili, kwa miguu. Nimegusa ardhi ya kwenu, nikageuka. Limebaki basi."

"Nipande na wewe? Nikushike mkono."

"Natamani. Lakini Mshauri anasema nikishikwa mkono, nitaamini mkono ndio ulionivusha."

"Mshauri anasema," Miwani alirudia.

"Nimesikia kitu hapo, mpenzi."

"Umesikia vizuri. Ni arobaini kwa mia. Itashuka, nipe dakika."

Fundi alicheka, kile kicheko cha kugeuza wateja, na Miwani akagundua kwamba alikikosa kicheko hicho kuliko maneno yote ya asali. Walipanga Jumapili. Fundi angepanda basi peke yake na kufika saa sita mchana. Simu angeiacha nyumbani kwa dada yake, maana alikuwa na tabia ya kuing'ang'ania na kutafuta mtu wa kumtuliza. Na Miwani asingekwenda kusimama kituoni. Angekaa nyumbani, asubiri kama watu wengine wanavyosubiri wageni.

Jumapili ilifika. Mama alikitoa kabatini kile kitambaa kipya, akakitandika. Miwani alivaa gauni la krimu lenye vifungo vya mbele, akavikosea kuvifunga mara mbili. Saa sita ikafika. Saa sita na robo. Saa sita na nusu.

"Mpigie," Mama alisema kutoka jikoni.

"Hana simu, Mama."

"Mpigie dada yake."

"Tumekubaliana nisipige."

"Makubaliano gani hayo ya watu wazima? Mimi na baba yako tulikubaliana kupigiana kelele tu, na tulikaa miaka thelathini."

Miwani aliingia chumbani, akachukua daftari. Aliandika: Amechelewa nusu saa. Kisha: Hatakuja. Yuko na yule mwanamke, wamekaa mahali, anamfariji. Tisini kwa mia. Alijua ni upuuzi na bado moyo ulipiga kama ngoma ya kuita watu. Ushahidi wa kuunga mkono: amechelewa. Ushahidi wa kupinga: ukurasa mzima. Wazo jingine? Foleni. Au ameshindwa. Amepanda, ameogopa, ameshuka, yuko kwa dada yake anaona haya.

Hapo kalamu ilisimama. Kama ameshindwa, basi hajamsaliti. Ameshindwa tu, na wiki ijayo atajaribu tena. Kwa miaka minne hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kutofika na bado akawa anampenda. Alilia kidogo, akajifuta, akaenda kumsaidia Mama kukata matunda. Wivu ulikuwa hamsini. Akakata hivyo hivyo, ukiwa hamsini.

Saa saba kasoro dakika tano, mlango uligongwa.

Fundi alisimama kizingitini na shati jeupe lililolowa mgongoni na vumbi hadi magotini. Ua alilobeba lilikuwa limevunjika shingo.

"Shikamoo, Mama. Nisamehe nimechelewa. Basi lilikwama."

"Marahaba. Lilikwama wapi?"

"Juu ya daraja. Katikati kabisa. Lori la saruji liliharibika mbele yetu, tukakaa dakika arobaini."

Miwani alishika meza. "Mlango ulifunguliwa?"

"Wazi. Nusu ya abiria walishuka wakatembea."

"Na wewe?"

"Ningeshuka, ningerudi upande wangu. Najijua. Nikakaa." Alijaribu kulinyoosha lile ua. "Hofu ilifika mia. Nilidhani moyo utapasuka mbele ya watu. Haukupasuka. Ilikaa juu, ikakaa, kisha sijui baada ya muda gani nikajikuta namsikiliza mama mmoja kiti cha mbele akimsengenya mkwe wake, na nataka kujua mwisho wake. Ndipo nikajua imeshuka."

"Mkwe alifanya nini?" Mama aliuliza.

"Alichelewa kuja kumsalimia, Mama."

Mama akacheka, na kicheko chake kilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Alimwonyesha bomba la kunawia uani, na Miwani akamfuata na taulo.

Walisimama kwenye ngazi ya nyuma, chini ya kamba ya nguo. Fundi alijifuta uso taratibu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilitayarisha maneno mengi," alisema. "Yamebaki kwenye basi."

"Sema yaliyobaki."

"Nataka kukuoa."

"Mimi nina wivu, Fundi. Sio wa utani. Leo saa sita na nusu nilishakuoza kwa mwanamke mwingine."

"Sasa je?"

"Sasa ni kumi. Lakini utarudi. Mzee ameniambia utakuwa unarudi."

"Hata mimi nitaogopa tena. Na leo jioni natakiwa kurudi kule kule nilikotoka."

"Ukiogopa, usinifiche."

"Ukishuku, usinichunguze. Niulize."

"Nitakuuliza hata mbele za watu."

"Uliza. Basi?"

"Basi ndiyo," Miwani alisema.

"Nimesikia," Mama alisema kutoka ndani. "Dirisha liko wazi. Wazee wake waje Jumapili ijayo, na waanze safari mapema. Njooni mle."

Walioana baada ya miezi minne, upande ule wa Mama. Ndugu wa Fundi walivuka kwa basi zima wakiimba, naye akiwa kiti cha dirishani, mikono magotini, kimya, macho wazi. Mshauri alialikwa, alishukuru na kusema desturi ya kazi yake haimruhusu. Miwani alipoambiwa alisema pole, kisha akamwambia mumewe ukweli, kwamba amefurahi.

Walipanga nyumba ya vyumba viwili upande wa pili, hivyo Fundi huvuka kila asubuhi. Zipo siku anashuka basi akiwa amelowa jasho na hasemi hadi anywe maji. Na zipo siku Miwani huweka kijiko chini mezani na kusema, "Leo nina wivu." Fundi humuuliza wa nani na kiasi gani, naye humwambia, hata akiona haya. Siku nyingine hucheka wote wawili. Siku nyingine hawacheki, wanagombana hadi chakula kinapoa, ila huwa ameshalisema.